Mpira Ukidondoka, Mtazame Kwanza Aliyerusha: Dhana Potofu Kuhusu Kuwafundisha Watoto Raga

Raga, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, Nyanda za Juu Kusini bado ni mgeni. Nchini kwetu mchezo huu kwa miaka mingi umekaa zaidi Arusha na Dar es Salaam, na mwalimu wa michezo wa Mbeya, Njombe au Iringa anayepata mpira mmoja au miwili ya raga mara nyingi anaanza na alichokiona kwenye televisheni: majitu yanagongana. Hapo ndipo dhana potofu zinapozaliwa. Za kukaba (yaani kumshika mwenye mpira na kumwangusha) na kusukumana nitazigusa kidogo tu mwishoni. Hapa nazungumzia mikono, maana mtoto wa darasa la pili au la tatu hahitaji kingine kwa muda mrefu: kudaka, kushika, kukimbia nao, kutoa pasi.

"Anadondosha kwa sababu ni mwoga"

Hii ndiyo mama yao. Mtoto akidondosha mpira, watu wazima waliosimama pembeni wana jibu tayari: mwoga huyo, au hana mikono. Kisha anaambiwa akaze moyo, anarushiwa tena vilevile, anadondosha tena.

Ukweli ni kwamba kwa wanaoanza, mipira mingi inayodondoka imeharibikia kwa mrushaji. Simama pembeni ya watoto wawili walioachana hatua tatu na usimtazame mdakaji hata kidogo. Mtazame anayerusha. Utaona mpira unatoka kwa mkono mmoja, unapinduka ncha kwa ncha, unafika magotini au usoni, na wakati mwingine umeshaondoka mwenzake akiwa anaangalia mbuzi wanaopita. Hata mtu mzima angeudaka kwa shida. Pasi inayodakika inafika usawa wa kifua, mbele kidogo ya mwili, kwa mwendo wa wastani, na mdakaji ameshaonyesha mikono yake. Basi ukisikia mpira umeanguka, swali la kwanza liende kwa aliyerusha: ulimpa, au ulimtupia?

Sababu ya pili ni mpira wenyewe. Mpira wa watu wazima, saizi 5, una urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito wa gramu 410 hadi 460. Kiganja cha mtoto wa miaka minane hakiwezi kuumudu. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9 kuna saizi 3, wa miaka 10 hadi 14 kuna saizi 4, na saizi 5 ni ya kuanzia miaka 15. Mtoto anayeshindwa na saizi 5 akaweza saizi 3 hajapata ujasiri wowote mpya dakika hiyo. Amepata mpira unaomfaa.

Halafu kuna upepo wa ndani ya mpira. Hili watu wa mabondeni hawalijui: mpira uliojazwa sawasawa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ukipandishwa Mbeya kwenye mita kama 1,700 unakuwa mgumu zaidi, kwa kuwa hewa ya nje huku ni nyepesi na inaukandamiza kidogo kuliko kule. Mpira mgumu unaruka viganjani. Kwa watoto, punguza upepo mpaka ubonyee kidogo ukiuminya kwa dole gumba. Na asubuhi za Juni na Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, waache kwanza wakimbie na kusugua viganja. Kumlaumu mtoto ambaye hata kifungo cha sweta hajaweza kukifunga ni kumwonea.

Kweli, wapo wanaogeuza uso mpira unapokuja. Huko ni kujikinga tu, na mwili wowote unafanya hivyo. Dawa yake ni mpira laini. Soksi iliyoshindiliwa vitambaa na kufungwa kwa kamba ya katani, ikivutwa iwe ndefu kidogo, inatosha kabisa kwa wiki za mwanzo. (Zamani tungetumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 chandimu imerudi kwenye vitambaa, na kusema kweli vinashikika vizuri zaidi.) Ukimgonga usoni hauumi, na baada ya kugongwa mara kadhaa bila maumivu uso unaacha kukimbia wenyewe.

Kudaka kwenyewe hakuna siri kubwa. Mikono inatangulia mbele ya kifua kabla mpira haujatoka kwa mwenzako, vidole vimetanuka, viganja vinamwangalia mrushaji, viwiko vimelegea. Macho yanaufuata mpira mpaka unapoingia mikononi. Mtoto wa kwetu amefundishwa tangu nyumbani kupokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili. Mwambie apokee mpira vile anavyopokea sahani kwa bibi yake, na utashangaa jinsi anavyolainisha viwiko bila kuelezwa zaidi.

"Ukiukumbatia kifuani ndiyo umedaka"

Hii inatoka kwa makipa wetu. Kipa anafanya vizuri kuukumbatia, kazi yake imeishia hapo. Mcheza raga anayedaka pasi ana kazi nyingine mara moja: kuutoa, au kukimbia nao. Mpira uliogandamizwa kifuani unachukua muda kutolewa, na mtoto anajikuta ameinama, haoni mbele. Kwa pasi za kawaida mpira unashikwa na vidole, mbali kidogo na mwili. Kifua kinahitajika kwa mpira uliopigwa juu sana ukashuka kwa kasi, na hilo ni somo la baadaye.

"Ukikuponyoka tu, ni kosa"

Hapana. Kosa ni mpira ukutoke mikononi, uende mbele, na uguse ardhi au mchezaji mwingine kabla hujaudaka tena. Ukikuchezacheza hewani ukaunasa, mchezo unaendelea. Ukidondoka kuelekea nyuma, mchezo unaendelea vilevile. Walimu wanaopuliza filimbi kila mpira unapogusa nyasi wanawafundisha watoto kusimama na kusubiri hukumu, na mtoto anayesubiri hukumu haokoti mpira. Kwa wadogo ningeiacha filimbi mfukoni wiki nzima.

"Pasi ya kweli ni ile inayozunguka"

Simu zimetuletea mengi. Watoto wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wameshaona video za Wafiji, mabingwa wa raga ya wachezaji saba kwenye Olimpiki za Rio 2016 na Tokyo, wakitoa pasi kwa mkono mmoja huku wanaanguka, au pasi ndefu inayozunguka na kukata hewa mpaka upande wa pili wa uwanja. Wanataka hiyo. Na mwalimu naye anataka hiyo.

Mzunguko unasaidia mpira kwenda mbali bila kuyumba. Kwa pasi ya mita tatu hauna kazi, na kwa mtoto una hasara: ili auzungushe inabidi akunje mkono mmoja chini ya mpira na kuukwaruza kuelekea juu, mkono wa pili unabaki abiria, na mpira unamfikia mwenzake ukiwa unasokota viganja. Pasi ya kuanzia ni ya kusukuma. Mikono miwili imeshika pande za mpira, vidole vimetanuka, mpira uko usawa wa kiuno upande wa mbali na mwenzako. Unageuza kichwa umwone. Mikono inavuka mbele ya mwili, inauachia, na vidole vinamalizia vikimwelekea yeye. Hapo penye vidole ndipo pa kukagua: ukipiga kelele "Simama!" mara baada ya pasi, vidole vya kila mtoto vionyeshe alikokusudia mpira uende. Vikiwa vimeelekea mawinguni, unajua kwa nini mpira ulipita juu.

Na kuna jambo la mkono wa kushoto ambalo walimu wengi hatulisemi. Watoto wetu wanakanywa kutoa au kupokea kitu kwa kushoto, ni adabu, na sina ugomvi na adabu. Lakini matokeo yake uwanjani ni kwamba pasi ya kwenda upande mmoja inakuwa safi na ya upande mwingine inakuwa kichekesho, kwa kuwa kushoto hakujawahi kuzoezwa kazi. Raga inataka pande zote mbili. Wapange watoto watatu, wa katikati apokee kutoka kulia atoe kushoto, kisha geuza. Usimruhusu ageuze mwili mzima ili atumie upande anaoupenda. Miguu inaendelea kutazama goli, mabega na kichwa ndivyo vinavyogeuka.

"Pasi hairuhusiwi kwenda mbele, kwa hiyo mchezo unarudi nyuma tu"

Nusu ya kwanza ni kweli. Kwa mikono mpira unatolewa pembeni au nyuma. Mbele unaweza kupigwa kwa mguu. Wanaochanganya raga na mchezo wa Marekani wa helmeti ndio wanaotegemea kuona pasi ndefu ya mbele. Ila timu inasonga mbele kwa kukimbia, na pasi inampa mpira mtu anayekuja kwa kasi kutoka nyuma. Kosa la watoto ni kusimama sambamba kabisa na mwenye mpira, au kumpita, kisha wanapiga kelele "nipe!". Waambie wakae hatua mbili nyuma na pembeni, waanze kukimbia mpira ukiwa bado mikononi mwa mwenzao.

Refa mzuri anaangalia mikono ilikoelekea mpira ulipotoka. Mtoto anayekimbia kasi akatoa pasi kuelekea nyuma, mpira bado unaweza kusogea mbele kidogo ukiupima kwa ardhi, kwa sababu ulibeba kasi yake. Si kosa. Wazazi pembeni watabisha. Waache wabishe.

"Wasichana wa netiboli waanze upya"

Hii inaniudhi, kwa kuwa ni kinyume kabisa. Kwenye shule nyingi za msingi za Mbeya na Iringa, mikono bora ya kudaka ni ya wasichana wa netiboli. Wanajua kutanua vidole, wanajua kuonyesha mahali wanapotaka mpira. Wavulana waliolelewa na soka tu ndio wanaoanza upya. Na raga ya wachezaji saba iliingia Olimpiki kwa wanawake na wanaume kwa pamoja, Rio 2016, kwa hiyo hoja ya "mchezo wa kiume" haina pa kusimama.

Wanachohitaji kurekebisha wasichana hao ni viwili. Netiboli inakataza kukimbia na mpira, basi msichana akidaka tu miguu inaganda. Mpe zoezi la kudaka huku akivuka mstari kwa kasi, bila kumtaka atoe pasi, mpaka miguu isahau. Cha pili, pasi ya netiboli inatoka kifuani au begani. Ya raga inatoka kiunoni ikivuka mwili.

Rede nayo ni hazina. Mtoto aliyecheza rede anasoma mkono wa mrushaji na kuhama mapema kuliko wenzake, na hilo ndilo kukwepa mpinzani. Tatizo liko kwa wanaorusha: kwenye rede unarusha ili umpige aliye katikati, kwa nguvu na kwa mkono mmoja. Hawa ndio wanaowapasua wenzao vidole siku ya kwanza ya raga. Waweke wawili wawili, wapokezane bila mpira kudondoka, na wanaodondosha wapoteze pointi wote wawili. Mrushaji mkali anapoa haraka akigundua kuwa kuanguka kwa mpira kunamgharimu na yeye.

"Wapange mstari, kila mtu atapata zamu"

Hesabu rahisi: watoto 40, mpira mmoja, mstari mmoja. Mtoto akishautoa anasubiri wenzake 39. Katika kipindi cha dakika arobaini ataugusa mara chache mno, na muda uliobaki atakuwa anavutana kofia na jirani yake. Mpira halisi ukiwa mmoja, tengeneza ya vitambaa minane, gawa vikundi vya watano, na ule halisi uzunguke kutoka kundi hadi kundi. Alama za uwanja ni chupa za maji zilizojazwa mchanga.

Usikae kwenye pasi za kusimama zaidi ya dakika kumi. Wawili wenye mpira dhidi ya mmoja, kwenye kipande chembamba cha uwanja, wanafundisha zaidi: mtoto anajifunza kumvuta mpinzani kwanza kisha kutoa, na anaona mwenyewe kwa nini mikono miwili kwenye mpira inamchanganya yule wa mbele, ambaye hajui kama atatoa au atakimbia.

"Bila kukabana si raga"

Raga ya vitambaa ipo, na ndiyo ya umri huu. Kila mtoto anachomeka vipande viwili vya kitambaa kiunoni, kushoto na kulia. Mpinzani akichomoa kimoja, umekabwa. Hata Uingereza, mchezo ulikozaliwa, watoto walio chini ya miaka saba na minane wanacheza hivyo, na kukabana kunaanza kwenye kundi la chini ya miaka tisa. Kitenge chakavu kimoja kinatoa vipande vya kundi zima. Vikate vyenye urefu wa kutosha kuning'inia na visifungwe fundo, maana vikifungwa, kinachochomoka ni kaptura.