Wanamichezo wa Dar wasiothaminiwa: dhana tunazozirudia na ukweli wake

Mjadala wa mwanamichezo wa Dar es Salaam aliyepewa chini ya haki yake hauishi, na ni mjadala mzuri. Tatizo ni kwamba tunaujenga juu ya mambo tuliyoyasikia mara nyingi hadi tukayaamini. Wengi wetu tunahukumu kwa rangi ya jezi, kwa kuwa mtu alifika Ulaya, au kwa kilichopo kwenye simu. Kwa vipimo hivyo, watu waliolibeba jiji hili wanaachwa nje kabla hata hawajatajwa. Nimechagua dhana zinazonikera zaidi.

“Kama alikuwa mkali kweli, video zake zingekuwepo”

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na vijana wanaitoa kwa nia njema kabisa. Wanatafuta jina, hawaoni kitu, wanaamua kwamba wazee wanatia chumvi.

Ukweli ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa, TVT, ilikuja 2000. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini Dar es Salaam, jiji lenye Uwanja wa Taifa na watani wa jadi, lilikuwa likisikiliza redio. Julai 19, 1977 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0, nchi nzima ilikuwa imetega sikio Radio Tanzania. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, Jumanne Hassan “Masimenti” akafunga mawili, na jingine Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Bado hajatokea mwingine wa kufunga matatu katika mechi ya ligi ya watani hawa, na kijana wa leo hana hata sekunde kumi za kutazama.

Redio nayo ilikuwa na upendeleo wake. Mtangazaji humtaja mwenye mpira, na sauti yake hupanda pale tu lango linapotikiswa. Beki aliyesimama mahali sahihi dakika 90, akamlazimisha mshambuliaji apige nje, hakuwa na la kutangazwa. Ndiyo maana kumbukumbu za miaka ile zimejaa wafungaji, huku makipa na mabeki wamebaki kwenye vichwa vya watu waliokaa jukwaani, na hao wanazidi kupungua. Anayetaka kujadili kwa haki aanze kwa kuwatafuta hao, aende pia maktaba kufunua magazeti ya Uhuru na Daily News ya miaka hiyo. Simu haitamsaidia hapa.

“Bao la Peter Tino ndilo lililotupeleka Lagos”

Tino anastahili kila sifa anayopewa. Lile bao la Ndola la Agosti 1979, la dakika za mwisho mbele ya Wazambia na uwanja wao, litaendelea kusimuliwa na linapaswa kusimuliwa. Lakini Taifa Stars ilifuzu fainali za Afrika za 1980 kwa mechi mbili. Ya kwanza ilichezwa hapa Dar, tukashinda 1-0 kwa bao la Mohamed Rishard “Adolf”. Ya pili tulitoka 1-1. Zambia walipotangulia kule Ndola, kilichotuweka hai hadi Tino anasawazisha ni lile bao la nyumbani. Taja Tino kijiweni, kila mtu anaitikia. Taja Adolf, utaona watu wanatazamana.

Tena hapo bado sijamgusa Juma Pondamali “Mensah”, kipa wa siku ile. Kizazi cha sasa kinamfahamu kama aliyekuwa kocha wa makipa wa Yanga, mzee mwenye vituko pembeni ya uwanja. Wanaomwona hivyo hawajui kwamba huyu ndiye aliyekaa langoni Zambia ilipokuwa inatafuta bao la pili kwa nguvu zote. Bao lile lingeingia mapema, hesabu yote ingebadilika. Lagos kwenyewe tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Watu huyasoma matokeo hayo kama aibu. Nchi ilisubiri miaka 39, hadi 2019 kule Misri, ndipo wanaume walipocheza tena fainali hizo, na safari hiyo wakafungwa mechi zote tatu. Sare ile ya 1980 na Ivory Coast tulichelewa sana kuiona thamani yake.

“Samatta ndiye aliyefungua mlango wa Ulaya”

Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala aliyefanya ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuyafanya, na hilo halihitaji kuongezewa chumvi. Alitoka African Lyon akaenda Simba, kutoka hapo TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019. Mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, kisha akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Lakini mlango wa Ulaya ulifunguliwa na Sunday Manara, “Computer”, zaidi ya miaka 30 kabla yake. Mchezaji huyu wa Yanga alijiunga na Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, enzi ambazo hakukuwa na wakala wa kumpigia simu, wala klabu ya Ulaya iliyokuwa na sababu ya kuitazama Jangwani. Baadaye alicheza Marekani na Austria. Vijana wengi wanamjua kama baba wa Haji Manara, msemaji aliyewahi kuzitumikia Simba na Yanga zote mbili. Ni jambo la kusikitisha kwa mtu aliyetangulia peke yake namna ile.

Na katika hadithi hiyo hiyo ya Samatta kuna mwingine tunayempita. Mazembe ile ya 2015 ilikuwa na Watanzania wawili. Thomas Ulimwengu naye alivaa medali ile. Kwa kuwa mwenzake ndiye aliyefunga mabao na kuchukua tuzo, Ulimwengu amegeuzwa kuwa “yule aliyekuwa na Samatta”. Mtanzania aliyetwaa ubingwa wa klabu za Afrika hapaswi kutambulishwa hivyo.

“Thabeet alifeli”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mwanamichezo wa Dar aliyesemwa vibaya kama Hasheem Thabeet.

Hoja ya wanaomkandia inajulikana: alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry, halafu hakuwa nyota. Memphis Grizzlies walimshusha hadi ligi ya chini ndani ya msimu wake wa kwanza, na wakati huo hakuwahi kushushwa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake. Yote hayo ni kweli.

Sasa tuweke na yanayoachwa. Thabeet alikulia Dar es Salaam na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Wenzake waliochaguliwa siku ile wengi walishika mpira huo tangu utotoni, mikononi mwa makocha wa kulipwa, kwenye kumbi za ndani zenye sakafu ya mbao. Yeye alitoka kwenye viwanja vya saruji vya jiji hili. Miaka michache tu baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya Big East mara mbili, 2008 na 2009, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Takwimu ya namna hiyo wachezaji wengi wazuri humaliza maisha yao bila kuigusa.

Huko NBA alicheza Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, alikokuwa kikosi kimoja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza ligi hiyo. Ukimpima kwa Curry, utamwona mdogo. Ukimpima kwa mahali alipoanzia na muda aliokuwa nao, mimi simwoni aliyemzidi katika mchezo wowote uliowahi kuchezwa jijini. Tunachokiita kufeli ni makosa ya waliomteua mapema kuliko utayari wake, na lawama hiyo kabebeshwa kijana.

“Yanga 2023 ndiyo klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya Afrika”

Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na ikalikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini dhidi ya USM Alger, baada ya kushinda 1-0 kule kule Algiers. Ni kazi kubwa. Lakini Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Ilitoka 0-0 ugenini, ikaja kufungwa 2-0 hapa Dar, na jiji likanyamaza.

Kikosi kile kimeadhibiwa kwa mechi moja. Kipa Mohamed Mwameja na wenzake walivuka raundi baada ya raundi hadi mechi ya mwisho, wakiwa na kocha Kibadeni, yule yule wa mabao matatu ya 1977. Mtu amefunga mabao matatu dhidi ya watani, kisha akaifikisha klabu fainali ya Afrika akiwa kocha, na bado jina lake halisikiki mwanzoni mwa mijadala hii. Naamini ingekuwa tofauti kama Simba ingeshinda siku ile.

“Dar ni Simba na Yanga tu”

Kwa mashabiki, karibu ni kweli. Kwa historia, hapana. Cosmopolitans walikuwa mabingwa wa nchi 1967. Pan African, iliyozaliwa na mgogoro uliopasua Yanga katikati ya miaka ya 1970, ilitwaa ubingwa 1982. Mchezaji aliyefanya makubwa akiwa Pan African hana jeshi la kumtetea leo, na huo ni mzigo asioustahili.

“Ngumi zetu zimeanza kutambulika na Mwakinyo”

Hassan Mwakinyo wa Tanga aliushtua ulimwengu wa ngumi alipompiga Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018. Ila wapenzi wa ngumi wa Dar wanapaswa kuwa wa kwanza kukumbuka Keko na familia ya Matumla, na Rashid “Snake Man” aliyeiwakilisha nchi Olimpiki, kisha akaingia ngumi za kulipwa na kushika mkanda wa WBU, moja ya vyama vya ngumi za kulipwa duniani.

Kwa upande wa ridhaa, Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1970. Mwaka 1998, Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alitwaa dhahabu uzani wa bantam. Dhahabu nyingine zote ambazo Tanzania imezipata kwenye michezo hiyo ni za riadha: Filbert Bayi, Gidamis Shahanga mara mbili, Francis Naali na Samson Ramadhani. Yombayomba anasimama peke yake kwenye ngumi, na wapo mabondia chipukizi wanaofanya mazoezi kila jioni bila kuwahi kulisikia jina lake.

“Wanawake wameanza juzi”

Theresia Dismas alirusha mkuki na kupata medali ya fedha Brazzaville, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika, 1965. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika 2010 nchini Afrika Kusini, miaka 9 kabla ya wanaume kurudi kwenye zao. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake 2022 kule Morocco, na mwaka uliofuata JKT Queens wakacheza mashindano hayo hayo. Anayesema hakuna mwanamke wa kuingiza kwenye orodha hajatafuta.

Kura yangu

Wengi hufikiri asiyethaminiwa lazima awe amesahauliwa kabisa. Thabeet anajulikana dunia nzima na bado hajapewa haki yake. Lakini nikilazimishwa kuchagua mmoja, nampa kura Jella Mtagwa.

Alikuwa beki wa kati, aliyechezea Yanga na Pan African, na alikuwemo kwenye Taifa Stars iliyokwenda Lagos 1980. Ana kila sifa ya kupotea: beki, enzi za redio, jezi ya klabu isiyo na mashabiki wa kulinda jina. Alikuwa mchezaji mwenye heshima kiasi kwamba sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta ya nchi. Anayetaka kunipinga aje na jina na hoja, si na video.