Vumbi la Barabara Linarutubisha Ziwa

Mwezi wa saba na wa nane, mvua ikiwa imekatika, kila kitu kando ya barabara za Bukavu, mji wetu ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, hugeuka rangi ya udongo: migomba, nguo zilizoanikwa, mabati ya nyumba. Vumbi hilo tunaliogopa kwa sababu ya kikohozi, na tuna haki. Lakini vumbi hilo pia ni mbolea.

Lina fosforasi na nitrojeni, virutubisho vilevile ambavyo mkulima huvitafutia mahindi yake. Vinatokana na udongo uliomomonyoka mlimani, majivu ya makala yanayomwagwa nje, mabaki ya mboga sokoni, mavi ya mbuzi, maji ya vyoo yanayofurika. Moshi wa magari na pikipiki nao huongeza nitrojeni. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa zile laini kabisa. Kwa hiyo ufagio unaozoa mchanga na mawe huacha nyuma sehemu yenye virutubisho vingi zaidi.

Septemba mvua inarudi. Maji ya mvua za kwanza ndiyo machafu kuliko yote, maana yanazoa kwa siku moja kilichorundikana kiangazi kizima. Mji wetu uko kwenye miteremko. Kanivo, yaani mtaro wa kando ya barabara, ikizibwa na chupa za plastiki, maji hukata njia katikati ya barabara, huchimba udongo mwingine, huingia mto Kawa, na Kawa humwaga ziwani. Kivu ina kina cha hadi mita 485 hivi huko kaskazini, lakini ghuba yetu ni ndogo na kina chake ni kifupi zaidi. Mbolea ikijaa humo, mwani husitawi. Ukifa huoza, na kuoza huko hula oksijeni wanayoihitaji samaki. Ufukwe huohuo ndiko mama na watoto wanakochota maji.

Wengi husema dawa ni lami. Lami huzuia udongo wa barabara yenyewe, ni kweli, ila lami isiyo na kanivo nzuri hupeleka uchafu ziwani upesi zaidi. Barabara na mtaro wake vijengwe pamoja, na kabla maji hayajafika ziwani pawe na shimo la kutulizia matope.

Na kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, ya mwezi wa nane, matope tunayoyatoa kwenye kanivo tusiyaache pembeni yake. Mvua ya kwanza huyarudisha. Wala tusiyapeleke kwenye bustani ya lengalenga, kwani yamebeba pia mafuta ya injini na metali. Yapakiwe, yapelekwe mbali na mkondo wa maji.