Saratani ya utumbo mpana haipenyi kwa kusukuma tu

Wengi hudhani uvimbe wa saratani hukua, ukakosa nafasi, kisha ukapasua ukuta wa utumbo. Msukumo upo, lakini hautoshi. Chini ya seli za utumbo kuna utando mwembamba ulioshonwa kwa protini iitwayo kolajeni ya aina ya 4, na huo hukatwa na vimeng'enya vya kundi liitwalo MMP, hasa MMP-2 na MMP-9, vinavyofanya kazi kwa msaada wa zinki.

Si seli za saratani zinazovitengeneza vyote. MMP-7 hutoka kwenye seli zenyewe za uvimbe, ila sehemu kubwa ya MMP-2 hutolewa na fibroblasti, seli za kawaida za jirani zilizoshawishiwa na uvimbe. Vimeng'enya hivi hutolewa vikiwa vimefungwa, yaani bado havifanyi kazi. MMP-14, iliyoko kwenye uso wa seli, huifungua MMP-2 palepale penye kupenya.

Basi mbona tusivizuie? Ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa dawa kama marimastat. Wagonjwa walipata maumivu makali ya viungo, na saratani haikudhibitiwa: baadhi ya vimeng'enya hivyo huulinda mwili, na dawa zilitolewa ugonjwa ukiwa tayari umesambaa.