Mtazamaji akijipangia kiingilio, hatalipa? Si kweli

Wengi huamini kwamba ukimwachia mtazamaji ajipangie kiingilio, atatoka bila kulipa. Naipinga dhana hiyo, na ushahidi wa kwanza uko pwani kwetu. Tazama taarab. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa, mama anainuka, anasogea jukwaani akijitikisa taratibu, noti kaishika juu wenzake waione, kisha anamtunza. Hakuna aliyemdai. Anatoa kwa sababu ameguswa, na kwa sababu ukumbi mzima unamtazama. Pengine ubeti wenyewe ni salamu kwa hasimu wake.

Uingereza nako, ukumbi wa ARC mjini Stockton-on-Tees ulianza mwaka 2015 kuwaacha watazamaji walipe onyesho likishakwisha, kila mtu kiasi anachoona kinastahili. Anayeogopa kupoteza pesa kwa kazi asiyoijua hupata ujasiri wa kuingia.

Kupendekeza kiasi husaidia sana. Kampuni ya muziki ya Magnatune iliwaachia wateja wa mtandaoni wachague kati ya dola 5 na 18 kwa albamu, ikipendekeza 8. Utafiti wa Regner na Barria, uliochapishwa 2009, ulikuta wastani wa dola 8.20, ingawa mnunuzi hakuwa na wa kumwonea haya.

Hatari iko kwenye hiari isiyo na mwongozo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2010, waliouziwa picha zao kwenye bustani ya burudani kwa bei ya hiari walitoa wastani wa chini ya dola 1. Walipoambiwa nusu inakwenda kwenye hisani, wanunuzi walipungua, lakini wastani ukapita dola 5.