Mbao ya chini ya kenchi si ya silingi tu

"Hiyo mbao ya chini ni ya kugongelea silingibodi." Kauli hii kuhusu kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, utaisikia kwenye saiti kuanzia Mafinga, kwenye paini za Sao Hill, hadi Mbeya mjini, na kati ya dhana zote za upauaji hii ndiyo ghali zaidi.

Chukua kenchi ya pembetatu: upana mita 6, kimo mita 1.5, mzigo wa kiloniutoni 4 kileleni, yaani uzito wa kama kilo 400. Kila ukuta unapokea 2. Sasa angalia kona moja. Ukuta unasukuma juu kwa 2, na cha kuujibu ni mbao ya mteremko tu, kwa hiyo imegandamizwa kwa karibu 4.5. Ila mbao hiyo imeinama, hivyo inasukuma pia kwenda nje, kwa 4. Anayeizuia ni mbao ya chini, kwa mvutano wa 4: mara mbili ya kinachoshuka ukutani! Ukiikata ili dari lipande juu, msukumo huo unahamia kwenye kichwa cha ukuta wa tofali. Ukishusha kimo kiwe sentimita 75 ili paa lisionekane, mvutano unafika 8, na mzigo ni uleule.

"Nguzo ya katikati ndiyo inabeba paa." Ni ile mbao ya wima kutoka kileleni hadi mbao ya chini. Itabebaje wakati chini yake hakuna ukuta? Ukiacha uzito wa mbao zenyewe, haina nguvu yoyote mpaka ufunge silingi. Hapo inavutwa, haigandamizwi. Wapo wanaosikia "sifuri" wakaing'oa. Sifuri hiyo ni ya mzigo ule tu.

"Mbao nene hubeba nguvu kubwa." Kwenye kenchi ya namna hii, mbili kwa nne na mbili kwa sita zinapata nguvu ileile, unene unaamua kama mbao itahimili. Fremu ya zege ni habari nyingine: nguzo na bimu zimeshikana, na kipande kigumu zaidi hujivutia mpindo mkubwa zaidi.

Wanafunzi nao, wakipiga hesabu hii kiungo kimoja kimoja (pale mbao zinapokutana), huanzia kileleni, wakakuta mbao tatu zisizojulikana na milinganyo miwili. Anzia kwenye kitegemeo, pale kenchi inapokaa ukutani. Na ukipata alama ya kutoa usifute: ulidhani mvutano, kumbe ni mgandamizo. Papi, mbao inayopigiliwa bati, ikikaa katikati ya mbao ya mteremko badala ya kwenye kiungo, hesabu ya viungo peke yake haitoshi, maana mbao hiyo inapinda pia.

Kisha kuna upepo, na wa Makambako haubembelezi. Bati ni jepesi. Upepo ukilinyanyua kwa nguvu inayozidi uzito wa paa, alama zote zinageuka. Mbao ya chini iliyokuwa inavutwa sasa inagandamizwa, na mbao ndefu nyembamba ikigandamizwa hupinda upande mapema. Ndiyo maana kenchi hupigiwa hesabu ya pili, ya kunyanyuliwa, na hufungwa kwenye ringi bimu, mkanda wa zege juu ya ukuta, badala ya kuachwa imekaa tu.