"Mheshimiwa Ameshalisema Bungeni": Dhana Potofu Zinazotugharimu Huku Kanda ya Ziwa

Kila Bunge la bajeti linapoanza Dodoma mwezi Aprili, simu za Mwanza zinajaa vipande vya video. Mheshimiwa amesimama, amemshukuru Mwenyezi Mungu, ametaja barabara, kituo cha afya na mwalo wa kupokelea samaki, kengele ya muda imelia, ameunga mkono hoja, ameketi. Video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, na kuanzia siku hiyo watu wanasubiri greda.

Mimi ni wakili. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuvisaidia vikundi vya wavuvi, wachuuzi wa dagaa na kamati za mitaa kuandika madai yao na kuyafikisha panapohusika. Sentensi inayonichosha kuliko zote ni hii: "Mheshimiwa ameshalisema bungeni." Mzee mmoja wa Igombe ameniambia majuzi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hilo la mwalo usihangaike nalo tena. Limeshafika Dodoma, sisi tunasubiri tu." Barua yao ya kuomba chanja za kuanikia dagaa na choo cha mwaloni ilikuwa tayari, imebaki sahihi tu. Hawakuisaini, kwa sababu ya video.

"Likisemwa bungeni, fedha zinatoka"

Hazitoki. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 99 inaliwekea mpaka: masuala ya kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina hayashughulikiwi na Bunge mpaka pendekezo litoke kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Kwa hiyo mbunge wako, hata awe hodari namna gani, hawezi kusimama na kuongeza shilingi kwa ajili ya mwalo wa Igombe. Anaweza kuomba, kushauri, kubana na kukataa. Kalamu ya kuandika kiasi iko serikalini.

Halafu kuna suala la kalenda, na hapa ndipo ninapokosa subira. Waziri anaposimama kusoma hotuba ya bajeti ya wizara yake, vitabu vya makadirio vimeshachapwa. Randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti ya kila wizara, zimeshapita kwenye kamati za kisekta, kwa kawaida mwezi Machi. Miradi ya maendeleo imo kwenye Juzuu ya Nne ya vitabu hivyo, fungu kwa fungu (wizara au taasisi), kasma kwa kasma (mstari wa matumizi). Mbunge anayeomba chanja mwezi Mei anaomba chakula wakati sahani zimeshapakuliwa. Maneno yake yakizingatiwa sana, yatafaa mwaka unaofuata.

Wakati wa kuomba ni Novemba, Bunge linapojadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo na mwongozo wa bajeti ya mwaka ujao. Na kabla ya hapo pana baraza la madiwani, ambamo mbunge ni mjumbe kwa mujibu wa sheria. Choo cha mwaloni ni jambo la halmashauri. Barabara ya kupanda Mabatini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Nimekutana na vikundi vilivyomfuatilia mbunge Dodoma kwa mambo ambayo diwani wao angeyaingiza kwenye bajeti ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka, kwa muhtasari wa kikao cha mtaa tu.

Jibu la waziri nalo linawapoteza watu. "Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana." Watu wanapiga makofi! Sentensi hiyo haina kiasi, haina mwaka, haina kasma. "Upembuzi yakinifu unaendelea" haina tofauti kubwa. Ninawaambia wateja wangu wasikilize mambo matatu tu: ni fungu gani, ni shilingi ngapi, ni mwaka gani wa fedha. Yasipotajwa, hakuna ahadi. Hata yakitajwa, kutengewa si kupokea. Fedha zilizoidhinishwa Juni zinaweza kufika nusu, au zisifike kabisa. Ndiyo maana ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayowasilishwa bungeni Aprili ina thamani kwa mwananchi wa Mwanza kuliko hotuba nyingi.

Je, mchango wa mbunge hauna maana? Una maana kubwa ukitolewa mahali pake. Tazama Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitisha kifungu kimoja kimoja cha wizara. Kikifika kifungu chenye mshahara wa waziri, mbunge anasimama kuomba ufafanuzi wa kisera, na asiporidhika anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kuuzuia mshahara huo mpaka apate jibu. Wabunge wengine wanaunga mkono au wanamsihi aiachie, na waziri analazimika kujibu mbele ya wote. Mara nyingi shilingi inarudishwa, lakini inarudishwa baada ya waziri kusema jambo mahsusi, nalo limeingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya maneno ya Bunge. Dakika hizo chache ni nzito kuliko pongezi zote za mchana. Muda ukiisha, gilotini (utaratibu wa kufunga mjadala) inapita na vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, kwa hiyo mbunge asiyejipanga amekosa.

Swali nalo lina ufundi wake. Mwenye swali la msingi anapewa maswali mawili ya nyongeza, na hayo mawili ndiyo yenye meno, kwa sababu waziri hajayaona kabla. Chukua usafiri wa visiwani. Kivuko MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Swali la "lini Serikali italeta kivuko kipya?" lina jibu lililoandikwa tayari. Swali la "nani anahesabu abiria gatini siku ya gulio, na orodha ya safari ya jana iko wapi?" halijibiki kwa maneno matupu. Maswali ya namna hiyo yanatoka kwa wananchi. Mpelekeeni mbunge tarehe, idadi, jina la gati na nakala za barua mlizokwisha kuandika. Akienda na "wananchi wangu wanateseka" peke yake, atarudi na "Serikali inatambua".

"Mbunge asiyeonekana kuongea hafanyi kazi"

Wabunge wanakaribia 400, na mchangiaji hupewa dakika 10 au pungufu. Wapo wanaochangia kwa maandishi, na michango hiyo huchapwa kwenye Hansard. Kazi nzito inafanyika kwenye kamati, zisizotoa video tamu. Kabla ya kumwita mbunge bubu, ingia kwenye tovuti ya Bunge, tafuta jina lake, usome. Ukikuta hakuna kitu, sema kwa sauti, nami nitakuunga mkono.

"Aliyeunga mkono hoja amekubali kila kitu"

Mbunge anaweza kuikosoa wizara dakika zote alizopewa kisha akaunga mkono. Sababu mojawapo ni hii: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Msikilizeni alichokidai katikati ya mchango.

"Ana kinga, atasema lolote"

Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge. Akisema uongo ndani, anaweza kudaiwa ushahidi na kupelekwa Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Akiyarudia maneno yaleyale kwenye mkutano uwanja wa Furahisha hapa Mwanza, kinga hiyo hajaja nayo.

"Wa viti maalum si mbunge kamili"

Anauliza, anachangia, anapiga kura kama wenzake. Akina mama wa dagaa wanamkwepa bure.

"Wabunge ndio waliotupangia nyavu"

Hii naisikia kila mwalo kuanzia Kayenze hadi Ukerewe. Bunge lilitunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukubwa wa tundu la wavu na zana zinazoruhusiwa vimo kwenye kanuni, na kanuni zinatungwa na waziri bila kupigiwa kura ukumbini. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozichambua baada ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na huko ndiko mbunge anakoweza kuwasaidia. Kwa hiyo lalamiko la nyavu liandikwe kwa waziri, nakala kwa mbunge na kwa kamati hiyo. Litaje namba ya kanuni, lieleze inavyomuumiza mvuvi wa dagaa kwa vipimo na bei, liwe na sahihi za viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, na mhuri wa kijiji. Na lipelekwe kabla video ya mwaka huu haijaanza kuzunguka.