Blini Nyembamba za Kirusi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu aliyezoea kupika chapati za maji nyumbani kwake anajua tayari nusu ya kazi ya kupika blini, yaani chapati nyembamba za Warusi. Nusu iliyobaki imezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi, na mengi kati ya hayo huwakatisha watu tamaa kabla hawajainjika kikaango motoni.

Neno linalosikika zaidi ni kwamba blini haiwezi kuwa laini bila hamira au bekingi pauda. Dhana hii imetokana na kuchanganya vyakula viwili. Blini za kale huumuliwa kwa hamira, na mara nyingi hutiwa unga wa grechka, mbegu yenye pembe tatu ambayo, ingawa husagwa na kupikwa kama nafaka, si ya jamii ya ngano na haina gluteni, yaani protini ya ngano inayoushikamanisha unga. Blini nyembamba za haraka, ambazo wengi huziita blinchiki, hazihitaji kuumuliwa kabisa. Bekingi pauda ikiingia humo, chapati huvimba, hupoteza wembamba wake na hukatika inapokunjwa. Kwa sababu hiyohiyo ya gluteni, anayebadilisha unga wote wa ngano akaweka grechka katika blini nyembamba asishangae zikimchanikia mkononi. Achanganye sehemu ndogo tu ya grechka.

Wengine huamini kuwa blini ni chakula cha Maslenitsa peke yake, na kwamba umbo lake la duara ni mfano wa jua. Maslenitsa ni juma linalotangulia Kwaresima Kuu ya Waorthodoksi, ambapo nyama imekwisha kuachwa lakini maziwa, siagi, mayai na samaki bado vinaruhusiwa, na ndiyo maana blini zenye siagi nyingi hulifaa sana juma hilo. Hata hivyo Warusi huzila mwaka mzima, na pia huziandaa katika karamu za kuwakumbuka marehemu, mahali ambapo maelezo ya jua pekee hayatoshi.

Tukija kwenye rojo lenyewe, hapa ndipo makosa mengi hutokea. Inadhaniwa kwamba rojo likipigwa kwa muda mrefu ndivyo linavyokuwa bora, na kwamba mayai mengi huongeza ulaini. Kwa kweli unga wa ngano ukipigwa sana huimarisha gluteni, na chapati hutoka ngumu ikivutika kama mpira. Mayai yakizidi nayo huikaza. Kipimo ninachokiamini ni mayai matatu, maziwa nusu lita, unga wa ngano gramu 200 hivi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chakula cha sukari na vijiko viwili vya mafuta. Mabonge huepukwa kwa mpangilio wala si kwa nguvu: koroga mayai, chumvi na sukari pamoja na theluthi ya maziwa, tia unga upate rojo zito lisilo na mabonge, kisha lilegeze kidogo kidogo kwa maziwa yaliyosalia, na mafuta yaingie mwisho. Baada ya hapo liache litulie nusu saa, ili unga unywe maziwa na gluteni ilegee. Watu wengi huiruka nusu saa hii wakiiona haina faida, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko kiungo chochote. Linapomiminwa, rojo linapaswa kutiririka kama malai mabichi. Likiwa zito kama la vitumbua, ongeza maziwa.

Warusi wana msemo kwamba blini ya kwanza hutoka donge, na wapishi wengi wameugeuza kuwa sheria isiyokwepeka. Sababu yake ni ya kawaida kabisa, kwamba kikaango hakijashika moto vizuri na mafuta hayajaenea, hivyo rojo hugandamana na chuma kabla halijaiva. Acha kikaango kizito kipate moto mpaka tone la maji lirukeruke juu yake, mimina rojo katikati ukikizungusha mara moja, na geuza kingo zinapoanza kuwa za rangi ya kahawia, kwa kawaida baada ya dakika moja. Blini ya kwanza basi huwa ya kuonja chumvi na kupima uzito wa rojo. Si lazima iharibike.

Haihitaji pia kukaangwa katika mafuta mengi. Kwa Kirusi kitenzi kinachotumika ni kile cha kuoka, kwa kuwa zamani zilipikwa ndani ya tanuri la nyumba. Kwa kuwa rojo lina mafuta yake, chuma hupakwa kiasi kidogo tu, na njia ya jadi ni kudunga nusu ya kitunguu au kiazi kwa uma, kukichovya katika mafuta, na kukipitisha juu ya kikaango. Ni njia nzuri kuliko kumimina kwa chupa, maana humwagi hata tone la ziada.

Kuhusu vya kulia, si kweli kwamba lazima pawe na mayai ya samaki ya bei kubwa. Siagi, asali, jamu, jibini laini au smetana, ambayo ni malai yaliyochachuka, ndivyo vilivyo vya kila siku.

La mwisho ni lile la kulaumu unga pale kingo zinapokauka na kuvunjika. Kingo za chapati nyembamba hukauka daima zikiwa motoni. Kinachozilainisha ni kuzipanga moja juu ya nyingine, kila moja ikipakwa siagi ingali moto, na kulifunika rundo lote kwa bakuli ili mvuke wake urudi ndani kwa dakika chache kabla ya kuzikunja.